Uliza Saa Kabla ya Kijiji: Namna ya Kuonja Ulanzi na Kimpumu

Ukitaka kuzusha ubishi Iringa, uliza ulanzi bora unatoka wapi. Mtu wa Kilolo atakutajia kwao, wa Mufindi atamcheka, na Mbena wa Njombe atawaambia wote wawili kwamba hawajawahi kuonja ulanzi. (Njombe ilimegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012, ila milanzi haikupewa taarifa.) Kila mmoja anasema kweli kwa jinsi ulimi wake ulivyoonja. Lakini mmoja anakumbuka ulanzi aliounywa shambani kwa mgema, umande haujakauka, na mwingine anakumbuka uliofika kilabuni kwenye dumu baada ya kutikiswa na bodaboda tangu jana mchana. Hapo hawajashindanisha vijiji hata kidogo. Wameshindanisha saa.

Wanywaji wa whisky wana anasa moja ambayo sisi hatuna: kinywaji chao kinawasubiri. Sheria ya Scotland haimruhusu mtu kuiita pombe yake whisky ya huko mpaka ikae kwenye mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 3, na ikishaingia kwenye chupa inatulia. Chupa mbili zilizonunuliwa leo unaweza kuzilinganisha mwakani, na bado utakuwa unalinganisha vitu vilevile. Ulanzi haukusubiri. Ukinunua saa moja asubuhi, saa saba mchana una kinywaji kingine, na kesho yake una cha tatu. Kwa hiyo mtu anayetaka kuuonja kwa akili, si kwa kiu tu, lazima aanze na swali ambalo wengi hawaliulizi: huu uligemwa lini?

Mwongozo huu ni wa watu wazima wanaokunywa, na wanaotaka kujua wanakunywa nini. Kama hunywi, usianze kwa ajili yangu.

Kinachotokea mlanzini

Mlanzi ni aina ya mwanzi ambayo wataalamu wa mimea huiita Oxytenanthera abyssinica. Huota kwa vichaka, na hutoa machipukizi mvua zinaponyesha. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua ni ya msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, ikivuta sana Mei. Huo ndio msimu wa ulanzi wa kweli.

Mgema hungoja chipukizi lirefuke lakini libaki laini. Hukata ncha yake, kisha hufunga mbeta, chombo cha pingili ya mwanzi uliokomaa, ili utomvu udondokee humo. Asubuhi na jioni hurudi, humimina kilichopatikana, na kabla ya kuondoka hukata tena kipande chembamba pale juu, maana kidonda kikikauka utomvu husimama. Ndivyo chipukizi linavyokwisha, kipande kwa kipande, mpaka haliwezi tena kutoa kitu. Chipukizi lililogemwa haliwi mwanzi. Mgema mwenye busara huacha mengine yakue, la sivyo kichaka chake hudhoofika, na hilo ni jambo la kumwuliza kama unanunua kwake mara kwa mara.

Kinachodondoka ni utomvu wenye sukari. Pombe inaanzia ndani ya mbeta, kwa sababu kuta zake zimebaki na chachu ya jana. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea wakisema ulanzi wa asubuhi ni mbichi. Tone la kwanza liliingia jana jioni na limechacha usiku kucha. Tone la mwisho limeingia mgema akiwa njiani anakuja. Ulioko kwenye mbeta ni mchanganyiko wa saa zote kumi na mbili. Kwa kawaida saa 5 hadi 12 za kuchacha zinatosha kuutoa ulanzi kwenye utamu mtupu na kuupa nguvu, na ukikolea hufika karibu asilimia 5 ya kilevi, kiwango cha bia ya kawaida ya chupa. Anayekwambia ulanzi ni maji ya kukata kiu hajaunywa wa jioni.

Wenyeji wana majina ya ncha zake mbili. Mtogwa ni ule mtamu, ambao haujachacha sana. Mkangafu ni uliokolea, mkali, ambao wazee wengi huuchagua na wageni wengi huukunjia uso. Katikati ya hizo mbili kuna eneo pana ambalo halina jina maalumu, na kwa maoni yangu ndipo ulanzi unapokuwa na mambo mengi zaidi ya kusema: utamu haujaondoka, ukali umeshaingia, na povu bado linacheza.

Hali ya hewa nayo huingilia kati. Chachu hupenda joto. Usiku wa baridi wa Mufindi huichelewesha, na mchana wa jua kule Ilula, chini kidogo, huikimbiza. Ulanzi uliogemwa saa ileile katika sehemu hizo mbili hautakuwa na umri uleule mdomoni. Kwa hiyo ukisikia mtu akisifu ulanzi wa Mufindi kwa utamu wake, huenda anasifu baridi.

Kununua

Dumu la ulanzi lina historia, na muuzaji ndiye pekee anayeijua. Msalimie kwanza, ukisema "kamwene" unapokelewa vizuri kuliko mtu anayeanza kwa bei. Nunua kikombe kimoja, ukae, ndipo uulize. Mwulize mama muuzaji uligemwa asubuhi au jana jioni, umetoka kwa mgema mmoja au umekusanywa kwa wengi, na kama umemiminwa juu ya masalia ya jana. Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana: masalia ni mbegu ya chachu, na ulanzi mpya ukiwekwa juu yake hukimbia mara moja kuelekea kwenye ukangafu. Wateja wengine wanataka hivyohivyo. Mwonjaji anapaswa kujua tu.

Usiulize kama umetiwa maji. Hakuna atakayekujibu ndiyo, na utakuwa umemtukana aliye mwaminifu. Waswahili wa pwani walishamaliza suala hili na tembo lao la mnazi: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ulimi utakueleza wenyewe baadaye, nitaonyesha jinsi.

Angalia chombo. Madumu mengi ya plastiki yalianza maisha yake yakiwa na mafuta ya kula, na hayo yakioshwa vizuri hayana shida. Yaliyobeba mafuta ya taa au dawa za shamba hayatakiwi kuguswa kabisa, na harufu yake haitoki kwa maji ya moto wala majivu. Ukinusa mdomo wa dumu ukakutana na kitu kisichotoka mlanzini, aga kwa heshima uende.

Ukiwa unabeba ulanzi, kifuniko kisikazwe. Unaendelea kutoa gesi, na chombo kilichofungwa kabisa huvimba. Chupa ya glasi inaweza kupasuka. Jokofu au boksi la barafu hupunguza mwendo lakini haliusimamishi.

Zoezi la kwanza: dumu moja, saa nne

Kabla hujalinganisha kijiji na kijiji, jifunze umri. Nunua lita 2 kwa mgema mmoja asubuhi, uliotoka kwenye mbeta siku hiyo. Uweke kivulini, kifuniko kikiwa kimelegea. Onja saa moja asubuhi, saa nne, saa saba na saa kumi. Kila mara mimina kiasi cha robo kikombe cha chai tu, kama mililita 50, kwenye glasi safi, angavu. Kikombe cha plastiki hakifai: hakikuonyeshi rangi, na mara nyingi kinanukia juisi ya jana.

Tazama kwanza. Ulanzi ni mweupe wa ukungu, na ukungu huo hubadilika. Angalia viputo: vinapanda kwa kasi, vimetulia, au hakuna? Kisha nusa kabla ya kunywa, mara mbili fupi, si mara moja ndefu. Ndipo unywe funda dogo, ulizungushe mdomoni likae kidogo, na umeze au uteme. Kutema si ushamba. Wanaoonja chai na kahawa kwa kazi hutema siku nzima, na wanaoonja whisky nyingi kwa siku moja pia hutema, vinginevyo wa tano atakuwa bora kuliko wote kwa sababu zisizomhusu.

Andika. Kumbukumbu ya mnywaji ni shahidi dhaifu. Andika mambo matano kwa mpangilio uleule kila mara: utamu, uchachu, ukali wa kilevi, ukakasi, na kinachobaki kooni baada ya kumeza. Ukakasi ndio watu wanaousahau. Ni ile hali ya ulimi kukauka na kukunjamana, kama umeng'ata ndizi mbichi. Ulanzi mwingine una ukakasi mwepesi unaoupa uti wa mgongo, mwingine hauna kabisa na huteleza kama maji ya sukari.

Kwenye harufu, usijilazimishe kutafuta maua na matunda usiyoyajua. Tumia ulivyo navyo nyumbani. Wa asubuhi utakupa majani mabichi yaliyokatwa na muwa. Baadaye huja ndizi mbivu na unga wa mkate uliotiwa hamira. Ukisogea zaidi, ugwadu unachukua nafasi, utamu unafifia, na kifua kinaanza kupata moto. Mwishoni kabisa ni siki. Ukifanya zoezi hili siku moja ya joto na tena siku moja ya baridi, utakuwa na ngazi kichwani, na ulanzi wowote utakaowekewa mbele yako utaweza kusema umesimama kwenye daraja la ngapi kabla muuzaji hajafungua mdomo.

Zoezi la pili: saa moja, vijiji vitatu

Sasa unaweza kurudi kwenye ule ubishi wa mwanzo. Pata ulanzi kutoka sehemu tatu, wote umegemwa asubuhi ileile, wote umebebwa kwenye vyombo vya aina moja, na uonje wote mezani kwa wakati mmoja. Si kazi rahisi. Inahitaji ndugu au rafiki kila upande na bodaboda wanaotunza ahadi. Ndiyo maana watu wengi hubishana badala ya kupima. Ukishindwa kupata vijiji vitatu, chukua wagema watatu wa kijiji kimoja. Utashangaa tofauti ilivyo kubwa kati ya majirani, kwa sababu mbeta ya kila mmoja ina chachu yake na kila mmoja ana namna yake ya kuiosha, au ya kutoiosha.

Mtu asiyekunywa ndiye amimine. Aandike A, B na C chini ya glasi, alete mezani bila kusema, na ajue yeye peke yake ipi ni ipi. Bila hivyo mtu wa Kilolo ataitambua ya Kilolo kwa kumwangalia muuzaji machoni. Anza na mtamu, malizia na mkali, maana ukianza na mkangafu ulimi umeshakufa ganzi. Kati ya glasi na glasi kunywa maji, ung'ate kipande cha kiazi kilichochemshwa bila chumvi au tonge la ugali mtupu. Nyama ya kuchoma, pilipili na kachumbari zingoje. Najua kilabuni nyama iko karibu kuliko maji. Zingoje.

Kisha kuna jaribio ambalo naliona ni la haki kuliko yote, na viwanda vya vinywaji duniani hulitumia: glasi tatu, mbili zimetoka dumu moja na moja imetoka dumu jingine. Kazi yako si kusema ipi bora. Kazi yako ni kuonyesha ipi ni tofauti. Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia mara kadhaa, hata kwa vikao tofauti, huku mmiminaji akibadilisha mpangilio. Mtu asiyeweza kuitenga glasi ngeni hana haki ya kutuambia ni ya kijiji gani. Nimeona jaribio hili likinyamazisha meza nzima ya watu wenye maoni makubwa.

Usipite glasi sita kwa kikao kimoja. Sita za mililita 50 ni mililita 300, chini ya chupa ya bia, na hapo bado unaonja. Baada ya hapo unakunywa, jambo ambalo ni halali yako, lakini funga daftari. Na kama umefanya kikao chako Ilula na safari yako ni ya Morogoro, kumbuka kati yako na huko kuna mteremko wa Kitonga. Usukani mwachie mwingine.

Kutambua maji na sukari

Ulanzi uliochacha kwa kawaida hubadilisha sukari yake kuwa kilevi na uchachu. Sukari na hivyo viwili hupishana: upande mmoja ukipanda mwingine unashuka. Ukikutana na ulanzi wenye uchachu wa siku mbili na utamu wa asubuhi kwa pamoja, una haki ya kujiuliza. Mara nyingi ni sukari ya dukani iliyotiwa kuamsha ulanzi mzee. Utamu wa namna hiyo hukaa ncha ya ulimi peke yake na kuondoka haraka, wala hauna ile harufu ya majani mabichi inayopaswa kuja nao.

Maji ni magumu zaidi kuyakamata. Dalili yake ni kinachokosekana: ladha inaanza vizuri halafu katikati kuna pengo, na kooni hakibaki kitu. Hapa ngazi uliyoijenga kwenye zoezi la kwanza ndiyo inayokusaidia, maana bila kujua ulanzi mzima una uzito gani katika umri ule, huwezi kujua huu umepungukiwa. Sitakuwekea mbinu za kudondoshea kwenye karatasi au kuwashia kiberiti. Nyingi ni hadithi za kilabuni.

Muuzaji akikuahidi ulanzi "ulioongezewa nguvu", kataa. Huenda nguvu hiyo ni gongo, ambayo ni haramu kisheria, na mbali na sheria kuna jambo baya zaidi: methanoli, ile pombe inayopofusha na kuua, haionjeki. Hakuna ulimi, hata uliofundwa vipi, unaoweza kukulinda nayo. Katika yote yaliyomo humu, hilo ndilo pekee ambalo mwonjaji hawezi kulijaribu.

Ukifika Mbeya, badilisha saa

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu, kupitia Mafinga na Makambako. Ulanzi ulioondoka Iringa asubuhi ukiwa mtogwa utashuka stendi ya Mbeya ukiwa kijana wa nguvu. Si kosa, ila usiuhukumu kama wa asubuhi. Mimi nisingehangaika kuubeba. Mbeya ina vyake.

Cha kwanza ni kimpumu. Hiki ni cha nafaka, ulezi hasa, na saa yake si ya asubuhi na jioni bali ya siku. Nafaka hulowekwa, huachwa iote, huanikwa, husagwa ikawa kimea, kisha hupikwa na kuachwa ichache. Kinacholetwa mezani ni kizito, na hunywewa kwa mrija huku maji ya moto yakiongezwa juu. Ukinyonya, maji yanapita kwenye nafaka na kubeba kilichomo, yakipungua, unaongeza. Katika baridi ya Mbeya ya Juni na Julai, mtu akishika chombo cha moto mikononi haulizi tena kwa nini wazee walichagua hivi.

Kwa mwonjaji jambo hili ni zawadi, kwa sababu chombo kimoja kinakupa vinywaji kadhaa. Mnyweo wa kwanza ni mzito, na joto pamoja na kilevi vinaficha kasoro nyingi. Wa pili ndio ninaouamini: ukali umepungua, unaanza kusikia ulezi wenyewe, ile harufu ya nafaka iliyokaangwa kidogo, na ugwadu unaofanana na wa togwa. Wa tatu humfichua mpishi. Kama kimea kilikauka vibaya kikapata ukungu, au chungu kiliungua chini, ndipo uchungu na ladha ya kuungua vinapojitokeza, maana hakuna tena cha kuvifunika. Ukilinganisha wapishi wawili, linganisha wa pili kwa wa pili na wa tatu kwa wa tatu. Kulinganisha mnyweo wa kwanza wa huyu na wa tatu wa yule ni ule ubishi wa Iringa uliohamia Mbeya.

Maji yawe kiasi kilekile na moto uleule kwa vyombo vyote viwili. Tumia kikombe kimoja kupimia na chupa moja ya chai. Na beba mrija wako. Mrija wa kupokezana una urafiki ndani yake, lakini una mate pia.

Komoni, ya mahindi na kimea, utaikuta Mbeya na Iringa pia. Ni nyepesi kuieleza: chachu, ya unga, nzuri ikiwa changa, na baada ya hapo hushuka haraka. Kanuni ileile: uliza ilipikwa lini.

Usilinganishe kimpumu na ulanzi kwa maana ya kutafuta mshindi. Mmoja ni utomvu, kingine ni nafaka, na ukipanga meza moja yenye vyote viwili ulanzi utaonekana mwepesi mno na kimpumu kizito mno, ilhali vyote ni vyema. Weka siku mbili.

Neno kwa mwenye chupa

Huenda wewe ni mtu wa chupa, na ulikuja hapa ukitafuta whisky. Basi anzia kwa kimpumu. Whisky ya kimea huanza kama kimea cha shayiri: nafaka iliyoloweshwa, ikaota, ikakaushwa, ikasagwa, ikachachishwa, ndipo ikakenekwa na kuhifadhiwa kwenye mbao. Hatua za mwanzo mpishi wa kimpumu wa Tukuyu, Mbeya, anazijua bila kufundishwa. Omba kwake punje chache za kimea kikavu cha ulezi, tafuna polepole, kisha nusa glasi ya whisky ya kimea. Ule utamu wa nafaka uliokuwa mdomoni utaukuta puani, chini ya mwaloni na kilevi. Wengi hunywa whisky miaka mingi bila kuusikia, kwa sababu hawajawahi kutafuna nafaka iliyokwisha kuota.

Whisky ina asilimia 40 ya kilevi au zaidi, mara nane ya ulanzi uliokolea, kwa hiyo vipimo hubadilika. Mimina kidogo sana, usitumbukize pua ndani ya glasi, nusa ukiwa umeachama kidogo. Onja kavu mara moja, halafu ongeza kijiko cha chai cha maji yasiyo baridi uonje tena. Maji hupunguza mchomo na kuachia harufu zilizokuwa zimebanwa. Barafu na soda ni za baadaye. Panga zile zenye moshi mwisho. Kisiwa cha Islay, Scotland, kina sifa ya kukausha kimea chake kwa moshi wa mboji, na ukishaonja hiyo, nyingine zote zitanukia moshi. Na usiunganishe kikao cha ulanzi na cha chupa siku moja. Hata Konyagi, yenye asilimia 35, itaufuta ulanzi ulimini kwa funda moja.

Msimu ukiisha

Mvua zikikatika, machipukizi nayo hukoma. Kuanzia Juni bado utaona madumu barabarani, na sisemi kwamba yote ni ya uongo, kwa kuwa wapo wanaohifadhi. Lakini uliohifadhiwa ni mkangafu, na ukiuzwa ukiwa mtamu katikati ya kiangazi, rudi kwenye yale niliyosema kuhusu sukari. Nunua kikombe kimoja kwanza, si lita. Kama unataka kuendelea kufunza ulimi wako miezi hiyo, ulezi uliovunwa hukaa ghalani muda mrefu bila kuharibika, na kimpumu hakingoji mvua. Zoezi la kwanza la ulanzi lipangie Januari, msimu ukiwa umeshakolea na wagema wakiwa na ulanzi wa kutosha kukuuzia wa mbeta moja bila kuuchanganya na wa mwingine. Mweleze mgema siku moja kabla, ili akufungie mbeta safi.